Robert Koch: Aliyekiona Kijidudu cha Kifua Kikuu, Akaiharakisha Dawa Yake



Ndugu zangu wa chama, ukurasa huu wa wasifu umezoea kubeba masahaba, maimamu na wanazuoni wetu. Safari hii naomba mnivumilie nimsimulie tabibu wa Kijerumani, asiyekuwa Mwislamu, aliyefariki mwaka 1910. Nina sababu, na sababu yenyewe ni deni.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Gisenyi. Binamu yangu, binti wa baba mdogo, alikuwa ameposwa. Posa ilishapokelewa na mahari ilikuwa imeanza kuzungumzwa. Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa upande wa mwanamume alinivuta pembeni nje ya msikiti. Alikuwa amesikia kwamba baba mdogo aliwahi kuugua kifua kikuu, ugonjwa ambao kwetu huitwa igituntu, na kwamba bibi yetu alikufa kwa ugonjwa huo huo. Akataka kujua kutoka kwangu, mimi ninayesomea dini chuoni, kama kifua kikuu ni ugonjwa wa ukoo. Sikutaka kuonekana sijui. Nikamjibu kwamba ndiyo, hurithiwa, na kwamba mtu kuchunguza nasaba kabla ya kuoa ni jambo la busara. Wiki iliyofuata posa ikavunjika.

Binamu yangu hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu: niliyasoma wapi hayo. Sikuwa nimeyasoma popote. Nilipoanza kusoma, ndipo nikakutana na Robert Koch.

Daktari wa wilaya na pazia lake

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alifanya kazi ya machimbo, na nyumba ilikuwa na watoto 13. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, alikuwa ameandika tangu mwaka 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza lazima yaletwe na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Ilikuwa hoja nzuri, ila ushahidi haukuwapo.

Mwaka 1867 alimwoa Emmy Fraatz, wakapata mtoto mmoja wa kike, Gertrud. Baada ya kuhudumu katika vita vya mwaka 1870 kati ya Ujerumani na Ufaransa, alipewa kazi ya daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara wala chuo karibu. Alikuwa na hadubini aliyopewa na mke wake, na chumba alichokigawa kwa pazia: upande mmoja wagonjwa, upande wa pili panya na vioo vyake.

Katika eneo hilo kimeta kilikuwa kikiua kondoo, ng'ombe na wakati mwingine watu. Koch alichukua damu ya mnyama aliyekufa, akaifuata siku baada ya siku chini ya hadubini. Aliona kijidudu kikikua, kikijigawa, kisha kikijifunga kama mbegu ngumu inayoweza kukaa ardhini miaka mingi. Mwaka 1876 alibeba vifaa vyake hadi Breslau na kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn. Daktari wa kijijini alikuwa amethibitisha kile ambacho vyuo vikubwa vilikuwa vikikibishania. Hakukisema kabla hajakiona, na alikionyesha kwa namna ambayo mwingine yeyote angeweza kukirudia.

Usiku wa tarehe 24 Machi 1882

Mwaka 1880 aliitwa Berlin, katika Ofisi ya Afya ya Dola. Hapo akaugeukia ugonjwa uliokuwa ukiua watu wengi kuliko vita: kifua kikuu. Kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe, kati ya kila watu saba waliokufa, mmoja alikufa kwa ugonjwa huo.

Madaktari wengi wa Ulaya wakati ule waliamini kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa kurithi. Waliona mama akifa, kisha binti, kisha mdogo wake, wakasema damu ya ukoo huu ni dhaifu. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwa muda. Jibu nililompa yule mzee nje ya msikiti lilikuwa jibu la Ulaya ya kabla ya mwaka 1882.

Si kwamba hapakuwa na waliojua zaidi. Ibn Sina wetu, aliyefariki mwaka 1037, aliuhesabu ugonjwa huu, aliouita sill, miongoni mwa magonjwa yanayotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Mfaransa Jean-Antoine Villemin alikuwa amewaambukiza sungura kwa kutumia uchafu wa mapafu ya wagonjwa, miaka 17 kabla ya Koch kutangaza yake. Lakini hakuna aliyekuwa amemwona adui mwenyewe.

Ugumu ulikuwa kwenye kijidudu. Kimefunikwa na utando wa nta unaokataa rangi, na bila rangi hakionekani. Tena hukua polepole sana: vijidudu vingine hujigawa kila baada ya dakika chache, hiki huchukua karibu siku nzima. Koch alianza kazi Agosti 1881. Alibadili rangi mpaka akaipata iliyoshika, ile ya buluu ya methilini. Alikiotesha juu ya majimaji ya damu yaliyogandishwa kwa moto, akasubiri wiki kadhaa pale ambapo wengine wangekata tamaa baada ya siku chache. Kisha akakidunga kwenye simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara, nao wakaugua ugonjwa ule ule.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 aliyasoma hayo mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin. Hakuwa msemaji mzuri. Alikuwa amepanga zaidi ya sampuli 200 ili watu waangalie wenyewe. Alipomaliza ukumbi ulikaa kimya. Hakuna aliyekuwa na la kupinga. Kijana mmoja aliyekuwapo, Paul Ehrlich, aliondoka akaiboresha njia ya kutia rangi, na kutokana na njia hiyo ndipo ulipotoka upimaji wa makohozi kwa hadubini unaotumika katika vituo vya afya hadi leo. Siku ile ndiyo dunia inaikumbuka kila mwaka kama Siku ya Kifua Kikuu.

Kumbe bibi yangu hakumrithisha baba mdogo chochote. Walilala nyumba moja, na katika miezi ya mvua madirisha yetu hayafunguliwi. Bibi alikohoa, mwanawe akavuta hewa ile ile.

Dawa isiyokuwa dawa

Lau Koch angeishia hapo, wasifu wake ungekuwa wa sifa tupu. Mwaka 1883 na 1884 alikwenda Misri na India akakitambulisha kijidudu cha kipindupindu. Mwaka 1885 akawa profesa Berlin. Taifa lilimwona shujaa, na shujaa hudaiwa ushindi mwingine.

Agosti 1890, katika mkutano wa kimataifa wa madaktari uliofanyika Berlin, alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu katika simbilisi. Novemba mwaka huo akaandika kuhusu matumizi yake kwa binadamu. Wagonjwa wakamiminika Berlin, wengine wakifa njiani au hotelini. Madaktari wakaja kutoka kila nchi. Mmoja wao, Arthur Conan Doyle, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa hadithi za upelelezi, aliandika kuwatahadharisha watu kwamba jambo hilo bado halijathibitika.

Na halikuwa limethibitika. Koch alikuwa amejidunga mwenyewe, akapata baridi kali, kichefuchefu na homa iliyokaribia digrii 40. Alimdunga pia Hedwig Freiberg, msichana aliyekuja kumwoa mwaka 1893 baada ya kuachana na Emmy. Lakini majaribio kwa wagonjwa yalikuwa machache na ya muda mfupi. Kibaya zaidi, alikataa kusema dawa imetengenezwa na nini. Yule aliyekuwa akiwaonyesha watu kila hatua, sasa aliwataka waamini tu.

Mwanzoni mwa mwaka 1891 Rudolf Virchow, bingwa wa kupasua maiti, alionyesha miili ya waliodungwa dawa hiyo. Mapafu yalikuwa yamewaka upya: wekundu, uvimbe, na vinundu vipya pembezoni. Dawa haikuwa imekiua kijidudu. Ilikuwa imeuamsha mwili ukakipiga kwa nguvu, na katika kupiga huko mwili ukajichoma wenyewe. Koch alilazimika kueleza kwamba ile tuberkulini yake ilikuwa ni mabaki ya vijidudu vyenyewe yaliyotolewa kwa gliserini. Kisha akaondoka kwenda Misri.

Mwaka 1901 alikosea tena. Akiwa London alidai kwamba kifua kikuu cha ng'ombe hakina hatari ya maana kwa binadamu. Ilikuja kuthibitika kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa huambukiza watu, hasa watoto. Sisi tunaokunywa maziwa ya Gishwati tuyachemshe, bila kumfuata Koch katika hilo. Na ajabu ya Mwenyezi Mungu, chanjo ya BCG, iliyotolewa kwa mtoto kwa mara ya kwanza mwaka 1921, ilitengenezwa kutokana na kijidudu hicho hicho cha ng'ombe.

Koch katika nchi zetu

Wengi hatujui kwamba mtu huyu alifika kwetu. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Mwaka uliofuata alirudi, safari hii kwa ajili ya malale. Alianzia Amani katika milima ya Usambara, akapita Mwanza, akavuka ziwa hadi visiwa vya Sese, Uganda. Wakati huo Rwanda, pamoja na Gisenyi yetu, ilihesabiwa ndani ya himaya ile ile ya Wajerumani.

Malale yalikuwa yameua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Koch alipiga kambi Sese akaanza kuwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni wengi walionekana kupata nafuu. Ugonjwa uliporudi akaongeza kipimo. Wagonjwa 22 wakapofuka, na macho yao hayakurudi tena. Aliacha kipimo kikubwa lakini hakuiacha dawa, na akashauri wagonjwa wakusanywe katika kambi za kuwatenga. Wajerumani walizijenga kambi hizo, pamoja na zile za nchi ya Bukoba na mwambao wa Tanganyika.

Majina ya wale 22 si ya kupatikana kirahisi vitabuni, ilhali jina la Koch limo katika mitaa na taasisi. Nalisema hili bila chuki, kwa sababu dini yetu inatuamrisha uadilifu hata kwa tusiowapenda. Uadilifu una pande mbili: kumpa mtu haki yake kwa alichogundua, na kutowasahau waliolipa kwa macho yao.

Koch alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yalihifadhiwa katika taasisi yake Berlin.

Kosa lililozaa elimu

Tuberkulini haikutupwa. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet wa Vienna, na mwaka 1908 Mfaransa Charles Mantoux, walionyesha kwamba tone dogo la dawa ile iliyoshindwa, likiwekwa kwenye ngozi, huvimba kwa mtu ambaye kijidudu kimeshaingia mwilini mwake. Kwa asiyewahi kuambukizwa, kwa kawaida ngozi hutulia. Yaani mwili una kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo inasomeka. Kilichowaangamiza wagonjwa wa mwaka 1891 kikawa kipimo.

Hapa ndipo nilipoelewa jambo lililonitatiza kuhusu baba mdogo. Alimeza dawa miezi sita bila kuruka, makohozi yakapimwa yakawa safi, lakini mpaka leo akipanda mlima wa Rubavu pumzi humkatika. Kama kijidudu kimekufa, nini kilichomwumiza?

Jibu ni mchochota, ule mwako wa mwili unaoleta joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Kijidudu kikiingia kwenye pafu, chembe za kinga hukizingira na kujenga kinundu kama ukuta. Huitana kwa kemikali. Moja huitwa interferoni gamma, nyingine TNF. Zikipungua, ukuta hubomoka na ugonjwa husambaa. Ndiyo maana mwaka 2001 iligundulika kwamba wagonjwa wa baridi yabisi waliopewa dawa za kuizuia TNF walikuwa wakishikwa na kifua kikuu kilichokuwa kimelala. Lakini mwako ukizidi, huyayusha pafu lenyewe na kuacha mapango na makovu. Pafu la mgonjwa linaharibiwa na kijidudu, na pia na askari wanaokipiga.

Kwa hiyo wataalamu wa leo hawatafuti kijidudu peke yake. Hutafuta katika damu alama za mwako. Mojawapo ni CRP, protini inayotengenezwa na ini mwili unapowaka. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali itumike kuwachuja watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kujua nani apimwe zaidi kifua kikuu.

Je, ukoo hauna sehemu kabisa? Unayo, na sitaki kukosea mara ya pili kwa kwenda upande mwingine. Jeni tulizorithi huamua kwa kiasi fulani mwako wetu utakuwa mkali au mpole. Mwaka 1996 watafiti walieleza habari za watoto wachache sana waliozaliwa bila kipokezi cha interferoni gamma, ambao hata vijidudu hafifu viliwashinda. Lakini hao ni nadra mno. Inakadiriwa kwamba robo ya watu duniani wameshaingiwa na kijidudu hiki, na kati ya kila mia moja ni watano hadi kumi tu watakaougua maishani mwao. Njaa, UKIMWI, kisukari, sigara na chumba kisicho na hewa vina sehemu kubwa. Anachoweza kurithi mtu ni namna mwili wake unavyopigana. Ugonjwa wenyewe huvutwa na pumzi.

Kulipa deni

Koch alipokuwa mtu asiyejulikana, nyuma ya pazia la Wollstein, alisubiri mpaka akaona. Alipokuwa mkubwa, na macho ya watu yakamngoja, alisema kabla ya kujua, na watu wakaumia. Mimi si mkubwa wala sikugundua chochote, lakini usiku ule nje ya msikiti macho ya mtu mmoja yalitosha kunifanya niseme nisilolijua. Wanazuoni wetu waliona kusema sijui kuwa sehemu ya elimu. Nimelisoma hilo darasani na kulifanyia mtihani.

Kabla ya kurudi chuoni nilimwendea yule mzee. Nilimweleza kwamba nilisema bila elimu, kwamba kifua kikuu huambukizwa kwa hewa na kinapona, kwamba aliyetibiwa vizuri haambukizi, na kwamba binamu yangu alipimwa na kuonekana mzima. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru. Posa haikurudi. Yule kijana alikuwa ameshaposa kwingine.

Ndugu yangu msomaji, ukiwa nyumbani likizo hii nawe utaulizwa, kwa sababu kwa wazee wetu mwanachuo ni mwanachuo, awe anasoma fiqhi au uhandisi. Mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili, mpeleke kituo cha afya, na mliolala naye nyumba moja mkapimwe. Dawa za kifua kikuu nchini mwetu hutolewa bure. Fungueni madirisha. Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha nenda ukatafute. Jibu lako laweza kuwa ndilo linaloamua posa ya mtu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, amrehemu bibi yangu, na ampe binamu yangu kheri kuliko ile niliyomkosesha. Amin.

Wabillahi tawfiq.